Daraja la maboksi

Siku ya kwanza niliingia Darasa la Tano na mikasi 7, kiroba cha maboksi, na mchoro wa nyumba nilioutengeneza kwa rula kwenye manila: kuta nne, mlango, madirisha mawili, paa. Wanafunzi walikuwa 78. Kipindi ni dakika 40. Hesabu hiyo kama ningeipiga kabla ya kuingia, ningebaki ofisini nikasahihisha madaftari.

Ilikuwa mwaka 2022, shule ya msingi ya serikali wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, upande wa Kigongo. Somo lilikuwa Sayansi na Teknolojia, na mimi nilikuwa nimechoka kufundisha kani na mizigo kwa kuchora mishale ubaoni. Nilikuwa nimeona kwenye simu picha za watoto wa nchi za mbali wakijenga miji mizima kwa maboksi, darasa lina watoto ishirini hivi, kila mmoja na mkasi wake na gundi yake. Nikasema hata sisi tunaweza. Boksi si boksi tu?

Kengele ilipolia nyumba 11 zilikuwa zimesimama, zote pacha, kwa sababu zote zilitoka kwenye mchoro wangu. Wengine walikuwa bado kwenye foleni ya mkasi. Waliokata tamaa walichana kwa meno. Na kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kusoma kwake kulikuwa bado ni kwa kuungaunga silabi, hakuwa na nyumba kabisa. Boksi lake alilikunja likawa lori.

"Nyumba yako iko wapi?"

"Mwalimu, nyumba haiendi."

Darasa zima likacheka. Mimi nikaona ni utovu wa nidhamu, nikamsimamisha hadi mwisho wa kipindi. Saa nne, wakati wa uji, nikamkuta nyuma ya madarasa analisukuma lori lake. Magurudumu aliyachonga kwenye ndala iliyokatika, ekseli ilikuwa spoku ya baiskeli, usukani kijiti kirefu ili asiiname. Nyuma yake walipanga foleni watoto sita wakisubiri zamu ya kuendesha. Sikumwambia kitu. Nilirudi ofisini nikanywa chai yangu ikiwa imepoa.

Mimi mwenyewe nimekulia kwenye magari ya namna ile. Tulikata ndala za watu wazima na tukachapwa kwa ajili hiyo. Halafu nikaenda chuo cha ualimu miaka miwili, nikarudi na mchoro wa nyumba. Watoto wale 78 walikuwa wanajua kukunja boksi, kutoboa, kufunga, kuweka gurudumu likazunguka bila kukwama, kabla hawajajua kuandika majina yao. Nilichofanya mimi ni kuwapa kazi ambayo ilikuwa chini ya uwezo wao na vifaa ambavyo havikuwatosha.

Jambo la pili lilinijia kwa mlango wa ofisi, na lilikuwa limefunga kanga mbili. Mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu, alifika asubuhi kabla ya mstari wa paredi.

"Mwalimu, za saa hizi. Nimefuata boksi langu."

Nikadhani anatania. Kumbe nilikuwa nimewaambia watoto kila mmoja aje na boksi moja kutoka nyumbani, takataka yoyote, na binti yake akaleta boksi la mafuta ya kula ambamo mama alikuwa anahifadhi vifaranga usiku. Vifaranga wamelala kwenye ndoo, wawili wamekufa kwa baridi. Na boksi lenyewe tayari lilikuwa limekatwa, ni ukuta wa nyumba ya mtu.

Nililipa vifaranga. Lakini nilibaki nalifikiria lile neno langu, takataka. Kwenye picha za simu boksi ni kitu kinachosubiri gari la taka. Huku kwetu boksi ni kitanda cha mgonjwa, ni pazia la dirisha lisilo na kioo, ni kipepeo cha jiko, ni kabati la nguo za mtoto. Mangi, mwenye duka wa pale senta, anayauza maboksi yake mazuri, kubwa la sabuni lina bei yake na dogo la biskuti lina bei yake, na wauza nyanya wanagombania. Mtoto anayetoka kwenye nyumba yenye vitu vichache ndiye anayeletewa ugomvi na zoezi la "njoo na boksi". Tangu siku ile sikuagiza tena kitu kutoka majumbani. Nilikwenda kwa Mangi, tukapatana anibakizie yale yaliyolowa au kuchanika upande mmoja, ambayo wauza nyanya hawayataki, nami nikawa namlipa kidogo kila mwisho wa mwezi. Boksi lililochanika upande mmoja linakutosha sana, maana kazini utalikata tu.

Mikasi ndiyo ilikuwa ugomvi mrefu. Mkasi wa shule haukati boksi nene, unalitafuna. Nikajaribu wembe, mimi nikikata na wao wakipokea, lakini foleni ikarudi palepale, na siku moja nilipogeuka kuandika ubaoni mtoto mmoja akauchukua wembe, akajikata kidole gumba. Jeraha halikuwa kubwa, damu ilikuwa nyingi. Wembe ukaisha siku hiyo. Dawa tuliipata kwa fundi wa kuchomelea mageti. Ana vipande vya msumeno wa kukatia chuma, vile vilivyovunjika, na kwake havina kazi tena. Ukikizungushia upande mmoja tyubu ya baiskeli kinakuwa na mpini, na meno yake madogo yanakata boksi vizuri kabisa bila kukata ngozi kirahisi. Mtoto akiteleza anapata mkwaruzo. Alinipa 14. Darasa likagawanyika makundi ya watu watano au sita, kila kundi na kipande chake, na kwa mara ya kwanza sikuwa mlinzi wa mkasi.

Gundi nayo ina habari yake. Ya dukani kwa watoto 78 haiwezekani. Tukapika uji wa unga wa muhogo, mzito, tukaupaka ungali vuguvugu. Unashika. Ila ukipaka mwingi boksi linalowa, linapinda kama kapati, kwa hiyo lazima upake kiasi na uweke jiwe juu hadi kesho yake. Tulijifunza hayo kwa kuharibu. Tulijifunza pia kwamba panya wanaupenda uji wa muhogo. Tuliacha kazi zetu darasani Ijumaa, Jumatatu tukakuta viungo vyote vimetafunwa kwa unadhifu wa ajabu, kuta zimelala chini zikiwa nzima.

Binti mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, aliziangalia kuta zile akasema, "Si tushone tu?" Kesho yake akaja na kibunda cha uzi wa nyavu na shazia. Akatoboa matundu kandokando ya boksi, akapitisha uzi, akafunga fundo lile linalofungwa kwenye nyavu, ambalo likivutwa ndiyo kwanza linakaza. Baada ya wiki moja nusu ya darasa wanalijua lile fundo. Mimi mpaka leo linanishinda, naishia kulifunga kama kamba ya kiatu.

Daraja halikuwa wazo langu. Kila mtoto wa pale alikuwa na daraja kichwani. Jiwe la msingi la daraja la Kigongo–Busisi liliwekwa Desemba 2019, na ile 2022 nguzo zilikuwa zinaota ndani ya Ziwa Victoria, winchi zimesimama, malori ya kokoto yanapita usiku na mchana. Watoto waliwahi kuvuka na pantoni kwenda Sengerema kwa bibi zao, wanajua kukaa foleni mchana kutwa juani, wanajua pantoni ikichelewa mgonjwa anabaki ng'ambo hii. Sasa wanaambiwa watavuka kwa gari, kilomita zipatazo 3 juu ya maji. Waliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la papo kwa hapo: mbona halianguki katikati, pale pasipo na nguzo?

Nikasogeza madawati mawili, nikaacha nafasi ya sentimita 60. Nikawaambia wapitishe daraja hapo kwa boksi, bila kitu chochote chini, na tutapakia madaftari moja moja mpaka lianguke. Sikuchora kitu ubaoni. Hilo lilinigharimu, maana mkono ulikuwa unawasha.

Kundi la kwanza waliweka kipande bapa. Madaftari 4, likakunjika katikati kwa mstari ulionyooka, kama limepigwa pasi. Kundi la pili hivyo hivyo. Kundi la tatu kipande chao kilikuwa sawasawa na cha wenzao, upana uleule, boksi lilelile la sabuni, na kikabeba madaftari 11. Darasa likasema wameiba. Wakakitoa, wakakigeuza, wakakipima, hakuna kitu kilichofichwa. Kengele ikalia tukiwa bado tunabishana, na sikuwapa jibu, ingawa hapo nilikuwa nalijua.

Kesho yake nilikuja na beseni la maji. Tukaloweka kipande cha boksi kwa muda, kikaachia chenyewe. Boksi ni karatasi tatu: mbili zimenyooka, na katikati moja imekunjwakunjwa mawimbi. Gundi inayozishika kiwandani nayo hutengenezwa kwa wanga, ndiyo maana maji yanaishinda. Tulicheka sana tulipogundua kwamba uji wetu wa muhogo haukuwa ushamba. Watoto wakayaita yale mawimbi mifereji. Na mara tu yalipopata jina, binti mmoja wa kundi la tatu akarukia kipande chao cha jana: mifereji yao ilikuwa inakwenda kwa urefu wa daraja, kutoka dawati hadi dawati. Ya wenzao ilikuwa inakatisha, kwa hiyo boksi lilikuwa limeshaandaliwa mstari wa kukunjikia.

Aliyaeleza haya kwa Kisukuma. Alianza kwa Kiswahili, akakwama kwenye neno, akageuka kwa wenzake akamwaga yote kwa lugha ya nyumbani, mikono ikikunja hewa. Shuleni kwetu Kisukuma ndani ya darasa kilikuwa na adhabu yake. Nilijikuta nasimama dirishani naangalia nje kama vile sijasikia. Mimi si Msukuma, niliambulia maneno machache tu, lakini niliona nyuso za makundi mengine zikibadilika moja baada ya nyingine, na kabla hajamaliza watu walishaanza kugeuza maboksi yao. Baadaye tuliyatafuta maneno ya Kiswahili tukayaandika, na hapo yaliandikika kwa sababu kitu chenyewe kilishaeleweka.

Siku hiyo niliwapa pia hadithi ya kofia, maana ni kweli na inapendeza. Karatasi ya mawimbi ilipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Uingereza mwaka 1856, na kazi yake ilikuwa kuwekwa ndani ya kofia ndefu za mabwana zisibonyee. Mwaka 1871, huko New York, Albert Jones akapata hataza ya kuitumia kufungia chupa na vioo vya taa visipasuke njiani. Vioo vya taa walivielewa mara moja, chemli zipo majumbani. Kofia hawakuiamini. Mtoto mmoja akajitengenezea, ndefu kama bomba la jiko, akaivaa wiki nzima hadi Mwalimu wa zamu alipomvua.

Baada ya mifereji kukawa hakuna kunizuia kuwa mtazamaji. Kundi la lile lori, yaani la kijana wa dawati la nyuma, walikunja kingo mbili zikasimama juu kama karai la kubebea zege, lakini refu. Bapa 4, mifereji kwa urefu 11, kingo zilizosimama 52. Tuliishiwa madaftari, tukaazima ya Darasa la Nne. Nguzo pia: tukikunja boksi pembetatu na mifereji imesimama wima, nguzo nne zilimbeba mtoto mzima, na mifereji ikilala zinabonyea chini yake taratibu kama godoro. Waliandika namba zote ukutani kwa chaki, mimi nikazifanya swali la Hisabati, na sikumbuki kuwaona wakigombania kipindi cha Hisabati kabla ya hapo wala baada.

Sasa nije kwenye lile ninaloona aibu kulisema.

Tulitangaziwa wageni kutoka wilayani, siku ya maonyesho ya kazi za wanafunzi. Darasa langu lilikuwa na daraja kubwa la mita moja na nusu, nguzo sita, nyuzi za nyavu kutoka kwenye nguzo za katikati kuiga zile nyaya za daraja la kweli. Lilikuwa limepinda upande mmoja. Mishono ilionekana. Pembeni kulikuwa na mabaki ya chapa ya sabuni. Jioni kabla ya siku yenyewe nilibaki peke yangu. Nikasema nitanyoosha kidogo tu. Nikatoa nguzo mbili nikaweka zangu nilizokata kwa wembe, nikapaka gundi ya mbao ya dukani, nikaficha mishono kwa karatasi, nikapaka rangi ya kijivu mpaka likafanana na zege. Saa tatu usiku nilifunga darasa nikiwa nimefurahi sana.

Asubuhi waliingia, wakalizunguka kimya. Yule binti wa uzi wa nyavu akasema, "Mwalimu, limekuwa la kwako."

Wageni wakaja, wakapiga picha, wakasifu. Mmoja akainama akamwuliza mtoto aliyesimama karibu, "Kwa nini hapa mmeweka hivi?" Alikuwa ameshika nguzo yangu. Mtoto akanitazama mimi. Ningetamani sakafu ipasuke. Kilichotuokoa ni kwamba kijana wa lori alikwenda nyuma ya kabati, akatoa lile daraja la kwanza lililokunjika kwa madaftari 4, chafu, lina alama ya kiatu, akaanza kumweleza mgeni kilichotokea, akaloweka kipande kwenye beseni ili aone mifereji kwa macho yake. Mgeni alikaa naye robo saa. Lile la kijivu halikuulizwa swali la pili.

Nina rafiki anayefundisha upande wa Kenya. Mtaala wao wa umahiri ulipoanza, wazazi walilalamika sana kwamba wanakesha kutengeneza vitu ambavyo mwalimu aliagiza kwa watoto, na asubuhi kila mtoto anakuja na kazi ya baba yake. Aliponisimulia nilicheka, nikasema wazazi wa huko wana shida gani. Mwaka uliofuata nikakesha mimi.

Wapo walioniuliza maboksi haya yatawafikisha wapi watoto, na si swali baya, maana mtihani wa Darasa la Saba hauna boksi. Mzee mmoja wa kamati ya shule alisema waziwazi kwamba huu ni mchezo na uchafu. Uchafu ni kweli. Vipande vilizagaa hadi ofisini. Kwenye mchezo nilimjibu kwa habari za karibu na kwetu, kwa sababu watu wa Kanda ya Ziwa tunaikumbuka 1994 na wakimbizi waliomiminika kutoka Rwanda. Miti ilikatwa kila mahali kwa ajili ya vibanda. Msanifu majengo wa Japani, Shigeru Ban, alilipelekea shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi pendekezo la kutumia mabomba ya karatasi ngumu kuwa nguzo za mahema, na mwaka 1999 mahema ya namna hiyo yakajengwa kambini Byumba, nchini Rwanda kwenyewe. Mwaka 2014 mtu huyo alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu majengo hakuna kubwa kuliko hiyo. Mzee akaniangalia, akaniuliza, "Na mvua?"

Alikuwa na haki. Masika iliyofuata bati la darasa letu lilivuja pale pale juu ya meza ya kazi. Tulikuta daraja la kijivu limekuwa kama uji, na yale mengine yamelala juu yake. Nilitegemea vilio. Walichofanya ni kuokota uzi wa nyavu, kuukung'uta na kuuanika, maana huo haukuharibika, na wakaniuliza Mangi ana boksi la friji au la.

Darasa lile walimaliza la saba 2024. Daraja la kweli lilizinduliwa Juni 2025 wakiwa kidato cha kwanza, wengine wao ng'ambo ya pili, Sengerema. Kijana wa lori nilikutana naye stendi, sauti imekuwa nzito. "Shikamoo mwalimu." Marahaba. Akaniambia siku ya kwanza alipovuka alikaa dirishani akawa anatafuta mifereji.

Sasa nina Darasa la Tatu. Nimeanza nao kwa magari, kila mtu na lake, na hakuna aliyesimamishwa kwa sababu gari lake halifanani na la mwenzake. Wiki iliyopita yule mama wa vifaranga alipita ofisini na boksi kubwa kichwani, limekatwa tundu za hewa pembeni, linanuka kuku.

"Mwalimu, chukua hili, wangu wameshakua. Ila vile vipande mtakavyobakiza naomba uniwekee, ni vya kuwashia moto."

Nimemwekea kiroba kimoja nyuma ya mlango.